Wanawake wanazaa wachache kuliko zamani, mbona sensa inaonesha tunaongezeka kwa kasi zaidi?

#1 Mtu wa Usoke
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo linanitatiza, naomba wenye uelewa mnisaidie. Nina ripoti mbili mezani. Ya kwanza ni ya sensa. Mwaka 2012 Watanzania tulikuwa 44,928,923. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120. Hilo ni ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, wakati miaka kumi ya nyuma yake, 2002 hadi 2012, lilikuwa 2.7.

Ya pili ni ule Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto. Mwaka 2004/05 mwanamke wa Kitanzania alikuwa na wastani wa watoto 5.7. Mwaka 2010, 5.4. Mwaka 2015/16, 5.2. Mwaka 2022, 4.8. Kila wakipima, unashuka.

Sasa nani muongo hapo? Kama kila mama anapunguza, hii kasi inatoka wapi? Watu wa mahesabu njooni, ila tafadhali msije na siasa. Nawasilisha.

#2 Kaa la Mvule
Siti ya mbele kabisa, karanga ninazo.

#3 Bwashee_Temeke
Jibu jepesi mkuu: umeme ukikatika watu wanalala mapema. Uzi ufungwe.

#4 Namba Hazilali
Mleta mada, hakuna muongo. Umeangalia wanaoingia, hujaangalia wanaotoka.

Watu wanaongezeka pale waliozaliwa wanapokuwa wengi kuliko waliokufa, ukijumlisha waliohamia na kutoa waliohama. Uzazi ukishuka kidogo huku vifo vikianguka kwa kishindo, pengo kati ya viwili hivyo linapanuka hata kama kila mama kapunguza mtoto. Fungua utafiti huohuo ulionao, sehemu ya vifo vya watoto. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. 2004/05 ikawa 112. 2010 ikawa 81. 2015/16 ikawa 67. 2022 ni 43.

Tangu 2004/05 uzazi umepungua kwa chini ya mtoto mmoja. Vifo vya watoto vimepungua kwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo kasi ilipo.

#5 Mkunga Mstaafu
Nimefanya kazi ya ukunga Kigoma na Tabora hadi nikastaafu. Hayo ya #4 mimi nimeyaona kwenye kadi.

Kadi ya kliniki ya mama mjamzito ina sehemu zake: mimba ya ngapi, amezaa mara ngapi, walio hai wangapi. Nilipoanza kazi miaka ya themanini, mama anakujibu: mimba ya tisa, nimezaa mara nane, ninao watano. Anakujibu huku anafungua khanga umpime tumbo, wala sauti haibadiliki. Unaandika 9, 8, 5, unamwita anayefuata, naye anakutajia hivyohivyo. Surua ilikuwa ikipita kijijini inaondoka na watoto wa ukoo mmoja. Ikitoka surua, inaingia malaria na mvua.

Nilipokaribia kustaafu, zile namba mbili za mwisho zikawa zinalingana. Amezaa mara tano, walio hai watano. Lakini mama huyo bado anataka wa sita na wa saba, kwa sababu aliyemleta kliniki ni mama mkwe wake, yule wa mimba ya tisa. Hofu ya kufiwa haiondoki siku moja na sindano ya chanjo. Inakaa nyumbani muda mrefu, na wanaoilinda ni sisi wazee.

#6 Bwashee_Temeke
Shikamoo mama. Mimi natoka taratibu kwa mlango wa nyuma.

#7 Kapteni Mbagala
#4 unataka kutuambia Watanzania hawafi? Mimi michango ya misiba inanimaliza, kila wiki kuna kundi jipya la WhatsApp la kuchangia sanda na chakula.

#8 Namba Hazilali
Kapteni, tunakufa, ila kwa hesabu ya kila watu 1,000 tunakufa wachache. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanatupa vifo karibu 6 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Japani ni zaidi ya 12. Mwaka 2023 Wajapani walizaliwa kama laki saba na elfu ishirini na saba, wakafa zaidi ya milioni moja na nusu.

Je, Mjapani ana afya mbovu kuliko wewe wa Mbagala? Hapana. Wao ni wazee, sisi ni watoto. Sensa ya 2022 inaonesha karibu asilimia 43 ya Watanzania wako chini ya miaka 15. Mtoto akishavuka miaka mitano na kijana wa miaka ishirini hawafi kwa wingi. Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya nchi usitumie vifo kwa kila 1,000. Tumia umri wa kuishi, au vifo vya watoto. Lakini ukitaka kujua nchi inaongezeka kwa kasi gani, hiyo 6 ndiyo yenyewe. Vizazi ni karibu 36 kwa kila 1,000. Toa 6, inabaki 30, yaani asilimia 3 kwa mwaka. Kwa watu milioni 61 hiyo ni kama watu milioni 1.8 kwa mwaka. Zanzibar nzima ilihesabiwa watu 1,889,773. Tunajiongezea karibu Zanzibar moja kila mwaka.

#9 Kijana Asiyeoa
Ndiyo maana sisi wa KATAA NDOA tunasema tunalisaidia taifa. Tupeni nishani.

#10 Binti Pangani
#9 mnakataa ndoa, hamjakataa watoto. Nendeni ustawi wa jamii mkaone mafaili yenu.

#11 Karani wa Kishikwambi
Nilikuwa karani wa sensa 2022, naomba niseme kitu kuhusu hizo namba mnazozichukua kama zimeshuka kutoka mbinguni.

Dodoso lilikuwa na maswali ya vizazi na vifo. Unamuuliza mwanamke amezaa watoto wangapi, wangapi anaishi nao, wangapi wako kwingine, wangapi wamefariki. Halafu unauliza kaya kama kuna kifo kilichotokea katika miezi 12 iliyopita. Swali la kwanza linaenda. La vifo ndipo unapokwama. Nilifika kaya moja, mzee akasema hakuna aliyekufa. Mke wake kanyamaza, anachambua mchicha. Nimeshafunga ukurasa wa kaya ile, nasindikizwa kutoka, yule mama ananiambia polepole njiani: kuna kichanga kilikaa siku mbili, hakikupewa jina. Kwa yule mzee kile hakikuwa kifo cha mtu. Nikarudi kukaa, nikafungua upya, nikakiingiza. Lakini ni karani gani anasindikizwa kila nyumba?

Na kuna kifo kisichokuwa na wa kukisema kabisa. Mtu anaishi peke yake mjini, akifa kaya imekufa naye. Chumba kishapangishwa mwingine, ambaye hamjui. Wazee wengine nao hawataki kabisa kutaja idadi ya watoto, wanaona kuhesabu watoto ni mkosi. Unamaliza kuhesabu watano, jirani anakuonesha wawili wako nyuma ya banda.

Kwa hiyo mimi vifo vya sensa nivione vichache, siamini moja kwa moja.

#12 Hesabu za Mtaani
Karani umenifungulia mlango. Mimi sikubaliani na #4, na nitasema kwa nini kwa namba zake mwenyewe.

Yeye anasema kasi imetoka kwenye vifo vya watoto kushuka. Sawa. Lakini anguko kubwa la vifo vya watoto lilikuwa lini? Kutoka 147 mwaka 1999 hadi 81 mwaka 2010. Hiyo ni miaka ya sensa ya 2002 hadi 2012. Uzazi miaka hiyo ulishuka kidogo sana, 5.7 hadi 5.4. Basi ongezeko lilipaswa kupanda KIPINDI HICHO. Badala yake likawa 2.7, dogo kuliko vipindi vyote. Tazameni: 1967 hadi 1978 lilikuwa 3.2. Hadi 1988, 2.8. Hadi 2002, 2.9. Hadi 2012, 2.7. Hadi 2022, 3.2 tena.

Kinachonikaa kichwani ni kwamba 2012 hatukuhesabiwa wote. Mnakumbuka mwaka ule kulikuwa na mgomo, baadhi ya vikundi vya Waislamu vilitaka kipengele cha dini kiwemo, kikakosekana, wakahamasishana wasihesabiwe. Na kazi yote ilikuwa karatasi na penseli.

Tuseme kwa mfano tu kwamba 2012 waliachwa watu 3 katika kila 100. Idadi halisi ingekuwa milioni 46.3. Piga hesabu upya: 2002 hadi 2012 inakuwa karibu 3.0, na 2012 hadi 2022 inakuwa karibu 2.9. Mchoro mzima unageuka! Kasi inashuka kidogo kidogo, sawasawa na uzazi unavyoshuka. Fumbo la mleta mada linakuwa halipo.

#13 Abuu wa Tandika
#12 punguza. Mgomo ulikuwepo lakini usiwabebeshe watu mzigo wa nchi nzima. Kwetu Tandika mashehe wengine walisimama mimbarini kuhimiza watu wahesabiwe, na tulihesabiwa. Tatu kwa mia ni zaidi ya watu milioni moja. Waligoma milioni moja?

#14 Hesabu za Mtaani
Sheikh, sijasema wote walioachwa waligoma. Wafugaji wanaohama, wavuvi wa dago, wapangaji wanaotoka alfajiri kurudi saa nne usiku. Kila sensa duniani inaacha watu. Swali ni kama 2012 iliacha wengi kuliko 2022. Vishikwambi na ramani za kidijiti vilisaidia sana safari hii.

#15 Mwalimu wa Kanda
Vishikwambi ambavyo baadaye tulipewa walimu, kioo kimepasuka na chaji haikai 😂

#16 Mnyasa Mpole
Mnagombana vifo na kuhesabiwa, mmewasahau akina mama wenyewe. Mleta mada anachukua wastani wa watoto kwa mwanamke MMOJA. Hajauliza wanawake wako wangapi.

Chukua bibi 100 wa zamani, kila mmoja kazaa sita. Watoto 600, nusu wasichana, 300. Wengine wakafa, tuseme 250 wakafika umri wa kuzaa. Hawa wamesoma kidogo, wamepunguza, kila mmoja kazaa watano. Wajukuu 1,250. Uzazi umeshuka kutoka sita hadi watano, na watoto wameongezeka zaidi ya mara mbili. Wasichana waliozaliwa kati ya 1995 na 2005, ambao chanjo na vyandarua viliwaokoa, ndio walioanza kujifungua wakati wa sensa ya mwisho. Hata leo wote wakikubali kuzaa wawili tu, watu wataendelea kuongezeka miaka mingi kwa sababu mama watarajiwa wameshazaliwa, wako darasa la tatu.

#17 Namba Hazilali
#16 uko sahihi kwa idadi ya watoto, ila jihadhari: akina mama wakiongezeka, na watu wote wanaongezeka pia, kwa hiyo ASILIMIA haipandi kwa sababu hiyo peke yake. Inapanda kama fungu la wanawake wa umri wa kuzaa limekua kuliko mafungu mengine. Hilo linawezekana, lakini usilibebeshe tofauti yote ya 2.7 na 3.2.

#18 Mnyasa Mpole
Nimekuelewa, na bado nasema linabeba zaidi ya unavyokiri.

#19 Mchumi wa Kijiweni
Asilimia 3.2 mbona si kitu. Mia gawa kwa 3.2 ni miaka 31. Yaani tutakuwa mara mbili mwaka 2053. Kuna muda wa kutosha wa kujipanga.

#20 Kapteni Mbagala
Mchumi hujawahi kukopa kausha damu wewe. Riba inazaa riba. Wanaoongezeka mwaka huu nao watazaa. Kwa 3.2 watu wanakuwa mara mbili kwa miaka 22 hivi, si 31. Gawa 70, si 100. Halafu angalia nyuma: 1967 tulikuwa milioni 12.3. Leo ni mara tano ya hapo, na kuna wazee humu walihesabiwa zote.

#21 Jirani wa Kisumu
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Ninyi Wabongo mnashangaa 3.2, sisi mwaka 1979 tulikuwa 3.8! Tulikuwa tunatajwa kila mkutano wa idadi ya watu duniani. Utafiti wa 1977/78 ulipata mama Mkenya ana wastani wa watoto 8.1. Mwaka 2022 ni 3.4. Sensa ya 2019 ilitupata 47,564,296, na ongezeko limeshuka hadi 2.2.

Na msidhani ni serikali. Mpango wa uzazi Kenya ulianza 1967, wa kwanza kusini mwa Sahara, na zaidi ya miaka kumi baadaye watu bado walikuwa wanazaa wanane. Kilichobadilisha ni shamba na karo. Baba yangu aligawiwa ekari na babu. Mimi nimegawiwa mahali pa kujenga nyumba. Mtoto wangu nitamgawia picha ya shamba. Sasa niambie nizae wanane wa nini?

#22 Binti Pangani
"Nitamgawia picha ya shamba" 😂😂 Wakenya mna maneno.

#23 Garissa Kwetu
Jirani wa Kisumu usiseme "Wakenya" kama vile ni watu wa nyumba moja. Utafiti huohuo wa 2022: Nairobi ni 2.5, Mandera ni 7.7. Huku kwetu ekari si hoja, ni mifugo, na mtoto anachunga.

#24 Jirani wa Kisumu
Garissa, nyinyi ndio mlihesabiwa 2009 hadi waziri akafuta matokeo ya wilaya nane kwa kuwa watu walizidi wanavyoweza kuzaliwa 😄 Mnazaa kwa kalamu.

#25 Garissa Kwetu
Haha. Na huko kwingine mnakopanda mabasi usiku wa sensa kwenda kuhesabiwa nyumbani, mnazaa kwa matatu? Pesa za kaunti zikifuata idadi, kila mtu anajua kuzidisha.

#26 Mzee wa Ujiji
Mbona hamsemi wakimbizi? Kigoma hapa Warundi waliingia kwa maelfu 2015. Ongezeko lote hilo ni wao.

#27 Namba Hazilali
Mzee wangu, kati ya 2012 na 2022 tumeongezeka watu milioni 16.8. Wakimbizi wa Burundi walioingia kipindi kile hawakufika hata laki tatu, na wengi wamesharudi. Kwa Kigoma ni wengi, kwa taifa hawasogezi namba.

#28 Ami wa Ruwi
Kwenu uhamiaji ni mdogo, njooni huku Oman muone. Zaidi ya thuluthi ya wakaazi ni wageni wa kazi. Korona ilipoingia, kampuni zikafunga, watu wakapandishwa ndege, idadi ya watu wa nchi nzima ikashuka ilhali Waomani wenyewe wanaendelea kuzaa. Nchi inapungua bila ya mtu kufa.

#29 Kiwanja Bei Poa
Kuhama ndiyo mada yenyewe. Dar ilikuwa inakua kwa asilimia 5.6, sensa ya 2022 ikaikuta 2.1. Pwani ilikuwa 2.2, ikaruka hadi 6.1, kutoka milioni 1.1 hadi milioni 2.02. Watu wa Dar wamehamia Kibaha, Mkuranga, Bagamoyo. Ninavyo viwanja Vikindu, hati mkononi, karibuni inbox.

#30 Mtu wa Usoke
Mkuu wa viwanja, mtu akitoka Kinondoni kwenda Kibaha bado ni Mtanzania yuleyule. Swali langu ni la nchi nzima. Hati ninayo ya Usoke inanitosha.

#31 Mwana wa Shangani
Na sie Zanzibar tutajwe basi. 2012 ongezeko letu lilikuwa 2.8, 2022 likawa 3.7, tumeipita bara. Wengine wanasema ni wageni wa mahotelini kutoka bara, wengine wanasema ni wake wanne. Mie naona vyote, na nyumba sasa zinajengwa hadi ndani ya mikarafuu.

#32 Omuhaya Mtulivu
Nimesoma hadi hapa nikishangaa hakuna aliyetaja ukimwi. Mimi ni wa Kagera.

Wagonjwa wa kwanza nchini walithibitishwa kwetu mwaka 1983. Miaka ya tisini, migombani kwetu kila boma lina makaburi mapya, na waliolala pale ni watu wa miaka 25, 30, 35. Waliobaki ni bibi na wajukuu. Sasa #4 na #12 wanahesabu vifo vya watoto chini ya miaka mitano tu. Kifo cha mama wa miaka 28 ni kifo kimoja kwenye hesabu ya vifo, lakini pia ni watoto watatu wanne ambao hawatazaliwa. Ukimwi ulikula pande zote mbili.

Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure 2004, zikasambaa taratibu, hadi vituo vya vijijini zilifika baadaye. Waliokuwa wafe 2006 wakawa hai 2014, wanafanya kazi, wanaoa, wanazaa, na watoto wao hawana virusi kwa sababu ya kinga ya mama kwenda kwa mtoto. Sensa ya 2002 ilipata umri wa kuishi miaka 51 hivi. Ya 2012 ikapata zaidi ya 60. Mimi nasema tofauti ya 2.7 na 3.2 iko kwenye chupa za ARV. Hesabu za Mtaani ajibu hilo.

#33 Hesabu za Mtaani
Hoja nzito hii, naiheshimu. Lakini bado ina tatizo la tarehe: umri wa kuishi umepanda miaka kumi KABLA ya sensa ya 2012, na ongezeko la kipindi hicho ndilo dogo kuliko yote. Unanisaidia mimi kuliko unavyojisaidia.

#34 Omuhaya Mtulivu
Kuponea si siku moja na kuzaa. Aliyepata dawa 2009 hakuzaa 2010. Mpe muda apate nguvu, apate mwenza, aamini kwamba ataishi. Watoto wake wako kwenye sensa ya 2022.

#35 Mama Wawili Basi
Na vifo vya akina mama wakati wa kujifungua? Utafiti ulisema 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, halafu 104 mwaka 2022. Hilo nalo si limechangia?

#36 Mkunga Mstaafu
Mwanangu, kwa familia hakuna msiba kama huo. Lakini kwenye hesabu ya nchi, hata 556 kwa 100,000 ni karibu nusu ya asilimia moja ya wanaojifungua. Halitikisi ongezeko la watu. Na kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa miaka saba, mimi niliyefanya kazi wodini nasema vifo vimepungua kweli, rufaa zimekuwa za haraka, upasuaji unafanyika vituo vya afya. Ila kupungua kwa kiasi hicho ningependa kuona utafiti unaofuata kabla sijapiga vigelegele.

#37 Mtumishi wa Bwana
Kila mtoto huja na sahani yake. Mnamhesabia Mungu. Wachina walizuia kuzaa tangu 1980, sasa wanawabembeleza watu wazae na idadi inashuka tangu 2022.

#38 Mwalimu wa Kanda
Mtumishi, sahani inakuja, dawati haliji. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwenye shule niliyokuwepo darasa la kwanza lilifurika hadi wengine wanasomea chini ya mwembe, ndio wanaonisikia vizuri kidogo, kwa sababu ndani ya chumba wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu. Nilikuwa nasahihisha madaftari hadi usiku, nalala sijafika nusu. Wale watoto walizaliwa 2009. Hakuna aliyeshangaa walipozaliwa, tulishangaa walipokuja shule.

#39 Bwashee_Temeke
Nimerudi kwa adabu. Swali: mwaka 2018 si rais wa wakati ule alisema watu waachane na uzazi wa mpango? Labda walimsikiliza.

#40 Mtu wa Usoke
Nilisema hakuna siasa jamani.

#41 Namba Hazilali
Si siasa, ni swali la kupimika. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na 31 mwaka 2022. Yaani wamesimama palepale. Na bado uzazi umeshuka kutoka 5.2 hadi 4.8. Hili mimi ndilo linaloninyima usingizi kuliko la mleta mada. Kama vijiti, sindano na vidonge havijaongezeka, nani kashusha uzazi?

#42 Mama Wawili Basi
Wasiopimwa. Hiyo asilimia ni ya walioolewa. Mabinti hawajaolewa, wako chuo, wako kwenye saluni na maduka, wanameza P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, kila mwisho wa wiki. Na mimba zinatolewa kwa siri, hakuna dodoso litakaloambiwa hilo. Utafiti wenyewe unasema wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kupata mimba walikuwa 27 kwa mia, sasa 22.

#43 Mkunga Mstaafu
Ongeza na waume walio mbali. Machimboni Geita na Chunya, bodaboda mjini. Mume akirudi mara mbili kwa mwaka hiyo nayo ni njia ya uzazi wa mpango, ingawa haimo kwenye bango la kliniki.

#44 Kijana Asiyeoa
Mama Mkunga umemaliza.

#45 Lushois
Jambo wandugu. Mimi niko Lubumbashi, mtanisamehe Kiswahili yangu.

Ninyi munapigana juu ya tatu kwa mia. Sisi Kongo watu walihesabiwa mara ya mwisho 1984, wakati wa Mobutu. Toka ile siku, hakuna. Wanasema tuko milioni mia na zaidi, lakini ni makadirio tu. Wanachukua namba ya 1984, wanaweka vizazi na vifo vya tafiti juu yake, wanaendelea mbele. Vita ya mashariki, watu waliokimbia, waliokuja machimboni Kolwezi, yote wanakisia.

#46 Hesabu za Mtaani
Karibu ndugu. Na vitu kama chanjo au madarasa mnapanga kwa namba ipi?

#47 Lushois
Kwa hiyo hiyo ya kukisia. Wanaleta chupa za chanjo ya polio kwa hesabu ya ofisi, watu wa chanjo wanapita mlango kwa mlango, chupa zinaisha na mitaa bado. Ripoti inaandika wamechanja zaidi ya mia kwa mia. Jirani yangu alipita na lile sanduku la barafu begani, alirudi jioni anasema huko mwisho wa barabara kuna kata nzima haiko ku karatasi yake.